Baridi ya Kanda ya Sita

Jumatatu, 6 Oktoba

Haya naandika kwa ajili yangu mwenyewe. Lakini kama macho yako yamefika hapa, wewe nisiyekujua, nakusihi, usimwambie mtu neno hata moja. Si mume, si mke, si padri. Kuna watu wataumia, na mimi nitakuwa wa kwanza.

Leo kazi ilikuwa ya kawaida. Barua mbili za ugomvi wa mashamba upande wa Niemba. Mihuri. Chai. Joto kali, hata upepo wa ziwani haukufika. Shefu, chifu wetu, hakutoka chumbani. Wiki iliyopita pia hakutoka. Nimeagizwa kuwaambia wageni kwamba ana malaria na anapumzika. Nimesema hivyo kutwa nzima, huku nikitabasamu. Mashavu yananiuma.

Mchana Papa Kapita aliniita. Yeye ni mdogo wa Shefu na ndiye msimamizi wa nyumba. Sauti yake haipandi kamwe, na hiyo ndiyo inayonitisha. Alisema kwa kuwa nilisoma kompyuta, ana kazi kwa ajili yangu. Anataka kiyoyozi kiunganishwe na ile kompyuta ndogo inayoendesha nyumba.

Nyumba hii ina mashine moja kubwa ya baridi, juu ya dari. Hewa inapita ndani ya mabomba mapana ya bati, inagawanywa katika kanda sita: sebule, chumba cha kulia, ofisi yetu, vyumba viwili vya wageni, na chumba cha Shefu. Kila kanda ina kibao ukutani chenye vitufe viwili, cha kupandisha joto na cha kushusha. Kidhibiti kinachogawa baridi kiko stoo. Humo humo stoo iko kompyuta ndogo aliyoituma Didier, mpwa wa Shefu, kutoka Lubumbashi. Hiyo inawasha taa na pampu na kuchunga betri za jua. Vitu viwili kwenye ukuta mmoja, havijawahi kusalimiana.

Papa Kapita anataka haya: umeme ukikatika, betri zihudumie kanda ya sita peke yake. Na aone kiasi cha baridi kwenye simu yake bila kufungua mlango wa chumba.

Nilisema ndiyo. Huwa nasema ndiyo.


Jumanne, 7 Oktoba

Waya nimeupata kwa mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka Kigoma. Nyuzi mbili nyembamba, zimesokotwa pamoja. Nikaziunganisha. Kimya. Nikasoma karatasi ya kidhibiti mara kadhaa, nikapima, nikatoka jasho. Kumbe nilizigeuza. Nilipozibadilisha, namba zikaanza kushuka kwenye kioo kama mvua. Nilipiga makofi peke yangu stoo.

Kisha nikaogopa. Sebule ilisema 245. Ofisi 251. Nilidhani nimeharibu. Baadaye nikaelewa: kidhibiti hakijui nukta. 245 ni nyuzi joto ishirini na nne na nusu.

Kanda ya sita ilisema 160.

Kumi na sita. Kidhibiti hakiwezi kushuka chini ya hapo. Mgonjwa wa malaria, anayetetemeka, analazwa kwenye baridi hiyo? Nilikaa pale nikiangalia namba ile. Sikuuliza.

Jioni nikitoka getini, gari la samaki lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta na vijana wa bandarini wanashusha mapande ya barafu. Papa Lukasi, mlinzi, aliniona nikishangaa. Akasema, "Sekretere, Shefu wetu anakunywa wiski gani? Barafu hii inatosha harusi mbili." Alicheka peke yake. Kisha akaangalia nyuma yake, akaacha kucheka.


Jumatano, 8 Oktoba

Hitilafu. Kanda ya sita inaruka. Naiona kumi na sita, narudi na chai yangu naikuta ishirini na nane. Papa Kapita anaingia chumbani, anaishusha. Akitoka, haikai sana, inapanda tena. Nilifikiri ni umeme wetu, unaokuja na kwenda na kuvichanganya vifaa akili. Nilikaza nyaya zote. Bado.

Papa Kapita alikuja stoo na simu yake mkononi. Alinionyesha namba kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika.

"Ifunge," alisema. "Kitufe cha mule ndani kisifanye kazi tena. Amri itoke hapa tu."

Nilikuwa na njia. Niliandika kanuni fupi kwenye kompyuta: kanda ya sita ni kumi na sita, na kibao cha ukutani kinyimwe sauti. Nikajaribu kwanza kwenye kibao cha ofisini. Nilibonyeza, nikabonyeza, namba haikusogea. Safi kabisa. Papa Kapita alinigusa bega. Hajawahi kunisifu tangu nianze kazi.

Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.


Alhamisi, 9 Oktoba

Shefu amekufa.

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi alikuja muuguzi, mwanamume wa makamo, na sanduku. Hakupita ofisini kama wageni wengine. Alipita jikoni. Alipotoka, akasimama karibu na meza yangu kufunga kamba za viatu, na harufu ikanifikia. Naijua harufu ile. Baba yangu alipokaa siku nyingi mochari kabla ya ndugu kufika kutoka Manono, walimchoma dawa hiyo hiyo. Inakata pua. Inabaki kwenye nguo.

Barafu. Kumi na sita. Dawa. Mlango usiofunguliwa. Mimi, na shahada yangu, nilikuwa nimeviona vyote na sikuvijumlisha.

Kisha nikakumbuka ninachokijua tangu utoto, kama kila mtu hapa. Shefu hafi. Watu husema ana mafua, ana malaria, amepumzika, mpaka mrithi asimame mbele ya watu na ngozi ya chui begani. Ndipo ngoma inalia, na ndipo huwa amekufa. Kabla ya hapo, atakayelitamka neno lile analaaniwa. Mrithi ni Didier, kwa kuwa kwetu kiti hufuata tumbo la dada. Yuko Lubumbashi, anangoja ndege, na ndege haiji. Ukoo wa upande wa pili ukisikia mapema, watamsimamisha mtu wao, na hapo damu inaweza kumwagika. Naelewa. Nimesoma, lakini naelewa.

Kinachonishtua ni mimi. Nimewaambia watu kwamba anatoa salamu. Mama mmoja kutoka Zongwe alileta samaki wakavu kwa ajili ya mgonjwa. Nilimshukuru kwa niaba yake.

Shefu ndiye aliyenisomesha. Sikuweza hata kulia, kwa sababu ningelilia nini?


Ijumaa, 10 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Adhuhuri umeme ulikatika. Mashine inanyamaza kidogo kabla betri hazijaipokea. Katika ule unyamavu nilisikia kikohozi. Kilitoka juu ya kichwa changu, kwenye wavu wa kiyoyozi cha ofisi.

Maiti haikohoi. Hilo ndilo wazo la kwanza. La pili lilikuwa baya zaidi: labda hakufa.

Nilienda stoo, nikasimamisha feni ya mashine. Nikarudi, nikafunga mlango, nikapanda juu ya meza, nikaweka sikio kwenye wavu. Mabomba ni yale yale, yanakutana darini. Kikohozi tena. Kikavu, kifupi, cha mtu anayejizuia. Nilikitambua. Miaka miwili nimekisikia kikija koridoni kabla ya mwenyewe kufika. Mama Veronika, dada wa Shefu, mama yake Didier. Tuliambiwa amesafiri kwenda msibani Ankoro.

Niliita kwa sauti ndogo. Niliita tena.

"Rebeka?" sauti ikasema. "Shuka kule. Utavunja miguu, na utavunja meza ya serikali."

Nilitaka kucheka na kulia. Nikamwambia, "Mama, we hauko Ankoro."

"Ankoro iko na joto, mwanangu. Hapa hapana."

Akanieleza kwa kukatizwa na kifua. Desturi ya nyumba hii ni kwamba Shefu asiachwe peke yake hata saa moja. Anakaa naye dada yake, mpaka mrithi afike. Hatakiwi kuonekana, hatakiwi kusema, hatakiwi kuvaa zaidi ya kitenge kimoja. Yeye mwenyewe alikubali. Zamani, alisema, ilikuwa siku mbili tatu na moto wa kuni pembeni. Sasa kuna mashine. Mchana alikuwa anapandisha joto kidogo ili vidole vipate uhai, kisha Kapita anakuja anashusha, wanakwenda hivyo kama watoto wanaogombania dirisha.

"Lakini kitufe kimekufa," akasema. "Nabonyeza, hakisikii. Tangu juzi. Mwanangu, we unajua mambo hayo. Utie joto kidogo."

Sikumwambia. Nilishuka mezani, nikawasha mashine, kwa sababu Papa Kapita angeona kwenye simu kwamba imesimama. Niliiwasha baridi imrudie. Kwa mkono huu.

Haikuwa hitilafu. Alikuwa mtu. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kusema nacho kilikuwa kitufe, na mimi nilikinyamazisha, nikapewa sifa, nikafurahi. Papa Kapita alijua tangu mwanzo. Hakuhitaji kulinda betri. Alihitaji mtu wa kumshinda dada yake bila kugombana naye.


Jumamosi, 11 Oktoba

Sijala.

Nilihesabu woga wangu. Nikipandisha joto, maiti itaharibika, harufu itatoka, siri itatoka, Didier atapoteza kiti, watu watapigana, na mimi nitakuwa yule msichana aliyefanya hivyo. Nisipopandisha, Mama Veronika atakufa. Ana umri wa bibi yangu. Kikohozi cha leo kina maji ndani.

Nilitaka kumpigia Didier. Namba yake iko kwa Papa Kapita tu. Nilitaka kwenda kwa padri. Nilifika mpaka getini nikarudi, kwa kuwa padri angeuliza ni nani amekufa.

Saa sita nikaiweka kanda ya sita ishirini na nne. Niliona namba inapanda taratibu, 163, 171, 188, nikahisi kama nimeshika mkono wa mtu. Haikufika mbali. Papa Kapita alisimama mlangoni pa stoo. Simu mkononi.

Aliuliza nani ameniambia nipandishe. Nilishika rafu.

"Mule kuna muntu, Papa."

"Tunajua."

Alilitamka kama mtu anavyosema kwamba mvua imenyesha. Akaendelea, polepole, kwamba dada yake ndiye aliyeomba kukaa na kaka yao, hakuna aliyemsukuma, mama yao alifanya hivyo na bibi yao pia. Nikauliza kama Didier anajua.

"Hajui. Akijua atakuja akilia, na akilia njiani kila mutu atajua kwa nini."

Alinyoosha mkono kwenye kioo ili ashushe mwenyewe. Hajui kuendesha. Kidole chake kilining'inia hewani. Akanitazama ili nifanye mimi. Sijui maneno yalitoka wapi.

"Mama aliomba kukaa," nilisema. "Hakuomba kufungiwa kitufe."

Aliketi juu ya gunia la mchele. Nilimwona kwa mara ya kwanza jinsi alivyochoka, ndevu hazijanyolewa, macho mekundu. Naye amefiwa. Sikuwa nimelifikiria hilo. Hana ruhusa ya kulia kama mimi nisivyo nayo.

"Na harufu ikitoka?" akauliza baadaye.

"Atashusha mwenyewe. Ni kaka yake, na ni mutoto wake anayengojwa. Anajua kuliko sisi."

Aliinuka. Akasema nikikosea, hataweza kunilinda, na hatajaribu. Kisha akaenda zake.

Nilirudisha namba kumi na sita ili Mama aamue mwenyewe, nikafuta kanuni yangu. Kibao cha kanda ya sita kikapata sauti yake tena. Nilipanda juu ya meza, nikamwambia Mama kwamba kitufe kimefufuka. Hakusema kitu. Nadhani alikuwa amelala. Nadhani.


Jumapili, 12 Oktoba

Nilikuja kazini ingawa ni siku ya misa. Kila mtu alidhani nina bidii.

Namba haikusogea asubuhi. Kumi na sita. Kumi na sita. Nilikaa mbele ya kioo. Nilifikiri nimechelewa. Nilifikiri sasa wako wawili mule.

Halafu ikaruka. Kumi na saba. Kumi na nane. Moja moja, kama mtu anayepanda ngazi akishika ukuta. Ikafika ishirini na tano, ikatulia.

Sijawahi kulia kwa ajili ya namba.

Nilingoja harufu. Nilipita koridoni na faili mikononi, nikinusa kama mbwa. Papa Kapita alipita pia, kwa upande wake, naye akinusa. Tulikutana katikati.

Kabla ya chakula cha mchana, namba ikaanza kushuka. Yenyewe. Kumi na tisa, kumi na nane, mpaka kumi na sita. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa amepata alichohitaji, sasa anamrudishia kaka yake. Jioni akapandisha tena, akashusha tena. Papa Kapita alikuwa anaangalia kwenye simu yake, chini ya veranda. Nilimwona akifuta uso kwa kofia.


Jumanne, 14 Oktoba

Ndege imekuja.

Didier alishuka na suti na kikohozi cha vumbi. Alipokewa kama mgeni wa kawaida. Waliingia naye ndani, wazee wanne, Papa Kapita, na mlango ukafungwa. Mimi niliachwa ofisini na mihuri. Niliambiwa nisiondoke kwenye kiti.

Kisha ngoma. Ile kubwa, ambayo sijawahi kuisikia. Nilidhani niko tayari, kwa kuwa nilijua. Sikuwa tayari hata kidogo. Ilinipiga kifuani. Mlinzi Lukasi alitupa kofia chini akapiga yowe, kisha mtaa mzima. Kutoka juu ya kilima sauti ilishuka mpaka kituo cha treni, mpaka bandarini. Ndipo nilipolia. Shefu alikuwa amekufa kwa kweli sasa, na ningeweza kumlilia. Nililia mpaka nikaishiwa.

Walipomtoa Mama Veronika, walimfunika uso. Ilikuwa desturi. Alibebwa na wanawake wanne. Miguu yake ilionekana chini ya kitenge, imekuwa ya kijivu. Didier alikuwa amesimama na ngozi begani, watu wanampigia magoti, na hakuruhusiwa kugeuka kumtazama mama yake. Niliona shingo yake ikitaka kugeuka. Haikugeuka.

Nilikwenda stoo, nikazima kanda ya sita. Sikutaka mtu mwingine aizime.


Alhamisi, 16 Oktoba

Hospitali. Nimonia, mapafu yote mawili. Daktari aliuliza amepatia wapi baridi hapa Kalemie mwezi wa kumi. Aliandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Ofisini nimeambiwa nipumzike mpaka nitakapoitwa. Najua maana yake. Papa Kapita hakunisema vibaya kwa mtu yeyote, wala vizuri. Ukoo wa upande wa pili umeanza kuuliza Shefu alikufa siku gani hasa, na nani alikuwa akiwadanganya wageni. Uso wangu ndio wanaoukumbuka. Kwa hiyo silali kwangu tena.

Leo Mama alikuwa macho. Nikamwambia. Kwamba ni mimi niliyekiua kitufe. Sikuwa na namna nzuri ya kulisema, nikalisema tu.

Alifumba macho. Nilidhani amelala.

"Nilijua," akasema. "Kapita hajui hata kuwasha redio."

Akanipa mkono niushike. Bado ni wa baridi. Dirisha liko wazi, ziwa linaonekana, wagonjwa wote wamevua mashati kwa joto, na yeye anatetemeka. Didier alikuja asubuhi na walinzi wake wapya, akakaa kando ya kitanda. Sasa ni Shefu. Hakai sana mahali.

Daktari hasemi ndiyo wala hapana. Anasema tungoje.

Kama umesoma mpaka hapa na bado hujamwambia mtu, basi unaweza kunitafuta. Usipite ofisini, usimtaje Rebeka getini. Njoo hospitali mchana, wakati ndugu wanaleta chakula na hakuna anayeangalia nani anaingia. Wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho, upande wa ziwa. Sema umetumwa na watu wa Zongwe. Utanikuta, sitoki hapa mpaka yeye atoke.

Ukiweza, leta blanketi. Zito.